Sola ya nyumbani inarudisha hela lini? Tupige hesabu uniti kwa uniti

Shemeji yangu anakaa Goba, Dar. Juzi kati kanitumia picha ya karatasi ya bei aliyopewa na fundi wa sola, jumla milioni 6 na laki 6 na elfu 20, afu chini kabisa fundi kaongezea kwa peni "hela yako inarudi ndani ya miaka 3". Shem akaniuliza swali moja tu, hii ni kweli? Nikamwambia nipe wiki mbili.

Nimeamua kuandika hapa nilichomjibu maana naona watu wengi wanachukua mkopo au wanavunja akiba kwa sababu ya hiyo sentensi ya mwisho, na hesabu yake wala sio ngumu, shida ni kwamba watu tunaanzia pabaya. Tunaanza na "paneli ngapi?" wakati swali la kwanza ni hili: uniti moja ya umeme unayotaka kuiacha inakugharimu shilingi ngapi leo? Sola haikuletei hela mkononi, inakupunguzia hela uliyokuwa unatoa, kwaiyo faida yake haiwezi kuzidi bei ya kile inachokiondoa. Ukilielewa hili mengine yote yanajipanga.

Haya, twende kwenye luku. Kwa Tanzania bara mteja wa kawaida wa nyumbani na biashara ndogo yuko T1, bei ni shilingi 292 kwa uniti, juu yake kuna VAT 18%, REA (wakala wa umeme vijijini) 3% na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) 1%, jumla 22%, inafika 356. Ndo maana ukinunua umeme wa elfu 10 unapata uniti 28. Alafu kuna D1, hii ni ya wenye matumizi madogo, uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kabla ya makato, kwaiyo ni 122, ila ukivuka 75 kila uniti inayofuata ni 350, na makato inakua 427.

Sasa ona tofauti. Mtu wa D1 anayeishia uniti 75 analipa shilingi 9,150 kwa mwezi mzima. Hata umfungie sola ya bure inayoendesha nyumba yote, anachookoa kwa mwaka hakifiki laki 1 na elfu 10. Mfumo mdogo kabisa wa milioni 2 na kitu utamchukua zaidi ya miaka 20 kurudisha, na inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli au betri uwe wa kutumika nyumbani) itakua imeshakufa mara mbili hapo katikati. Kwaiyo ndugu yako kijijini aliyevutiwa umeme wa REA kwa 27,000 na yuko D1, usimshauri auze ng'ombe anunue sola kwa hoja ya kuokoa hela. Kama ana hoja nyingine sawa, ila hiyo ya kuokoa hela haipo.

Shem yuko T1. Anatumia kama uniti 240 kwa mwezi, ni elfu 85 na mia 5 hivi, kwa mwaka milioni 1 na elfu 26. Hapo kuna kitu cha kuhesabu. Ila hiyo 240 peke yake haitoshi, na hapa ndo ile wiki mbili ilipokwenda. Nilimuomba kijana wake wa darasa la sita awe anasoma mita saa 12 asubuhi na saa 12 jioni kila siku, anaandika kwenye daftari, wakalifunga kwa kamba kwenye nondo ya dirisha karibu na mita ili lisipotee. Ukurasa mmoja unasomeka hivi: Jumanne asubuhi 61.4, Jumanne jioni 58.3, Jumatano asubuhi 53.2. Maana yake mchana walitumia 3.1 na usiku 5.1. Karibu kila siku iko hivyo hivyo, mchana uniti 3, usiku 5.

Hiyo mistari mitatu ya daftari ina thamani kuliko karatasi nzima ya fundi. Kwa nini? Kwa sababu uniti ya mchana na uniti ya usiku ni bidhaa mbili tofauti kwenye sola. Ya mchana inatoka kwenye paneli inapita kwenye inveta inaingia kwenye friji, basi. Ya usiku lazima ilale kwenye betri kwanza, na betri ndo kitu kinachokula hela kuliko vyote kwenye mfumo, na ndo kinachokufa mapema. Fundi alimpigia bei ya uniti zote 8 kama vile ni kitu kimoja.

Kabla ya bei tuone paneli inazalisha nini kweli. Paneli ikiandikwa wati 550 hiyo ni ya maabara, jua kali na seli ikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya bati la Dar saa 7 mchana seli inaweza kufika nyuzi 60, na kila nyuzi moja inayopanda juu ya 25 inakula kama 0.35% ya nguvu, kwaiyo 12% imeondoka hapo hapo bila wingu wala vumbi. Paneli inapenda jua ila haipendi joto, ndo maana inatakiwa iachiwe nafasi ya upepo kati yake na bati, ukiona fundi anailaza kabisa juu ya bati mwambie anyanyue. Ongeza hasara ya waya, inveta na vumbi, mimi huwa nabaki na 75%. Masaa ya jua kamili, yaani jua la siku nzima ukilikusanya liwe kali kama lile la maabara, kwa Dar chukua 5 kwa siku kwa wastani wa mwaka, Dodoma na Singida unaweza kuweka zaidi, na miezi ya masika weka pungufu. Paneli moja ya 550 basi (uniti ni kilowati mara saa, na wati 550 ni kilowati 0.55): 0.55 mara 5 mara 0.75, ni uniti 2 na pointi kidogo kwa siku. Paneli 4 ni uniti 8. Kwenye hili fundi wa shem hakukosea, alimpigia paneli 4.

Karatasi yenyewe ilikua hivi (hizi ni bei za kwake, wewe weka za kwako): paneli 4 kwa 280,000 ni 1,120,000, inveta haibridi (inayochanganya paneli, betri na umeme wa TANESCO) ya kilowati 5 ni 1,600,000, betri moja ya litiamu ya volti 51.2 ampea 100, yaani kama uniti 5, ni 3,000,000, reli, waya, breka na ethi 500,000, ufundi 400,000.

Tuseme mfumo huu unabeba 85% ya matumizi, maana kuna siku za mvua na betri huwezi kuikamua mpaka tone la mwisho. Hiyo ni uniti 204 kwa mwezi, kwa 356 ni karibu elfu 72 na mia 6, kwa mwaka 872,000. Gawanya 6,620,000 kwa 872,000 unapata miaka 7 na nusu na kidogo. Ile miaka 3 imetoka wapi? Nilimuuliza fundi kwa simu, kumbe alichukulia nyumba inatumia uniti 500 kwa mwezi na umeme unapanda bei 10% kila mwaka. Jamani, T1 iko 292 tangu 2016. Inaweza kupanda kesho, sikatai, ila huwezi kumuuzia mtu mfumo kwa ongezeko ambalo hajaliona karibu miaka 10.

Na hiyo miaka 7 na nusu nayo bado ina uongo ndani yake, uongo wa kusahau. Inveta chukulia miaka 10, betri ya litiamu nzuri chukulia 10 pia kama inachajiwa na kushuka kila siku. Paneli zenyewe hazina shida, zinapungua kama nusu asilimia kwa mwaka na nyingi zina garantii ya uzalishaji ya miaka 25. Kwaiyo kila mwaka shem anatakiwa atenge 460,000 kwa ajili ya inveta na betri zitakazokuja (milioni 4 na laki 6 gawanya kwa 10). Toa kwenye 872,000, anabaki na 412,000. Kwenye mtaji wa milioni 6.62 hiyo ni kama 6.2% kwa mwaka.

Sasa hela hiyo hiyo ingekaa wapi kwingine? Hati fungani (unaikopesha serikali, inakulipa riba) ya miaka 25 ilipotoka mara ya kwanza 2021 ilikua na riba ya 15.95% kwa mwaka, na kuna mifuko ya uwekezaji ya pamoja ambayo mtu wa kawaida anaingia kwa simu. Mimi kwa tahadhari huwa naweka 12%. Milioni 6.62 kwa 12% ni 794,000 kwa mwaka, na mtaji unabaki pale pale haujaguswa. Kwaiyo kama shem anataka tu hela izae, aweke kwenye hati fungani na umeme aendelee kununua luku, atakua mbele kuliko akifunga huu mfumo. Najua wauza sola hawapendi kusikia hivi, na mimi mwenyewe naipenda sola sana, ndo maana nataka mtu akifunga afunge kwa sababu ya kweli asije kujuta.

Ila subiri, tusiishie hapo, maana 6.2% ni wastani wa vitu viwili visivyofanana. Tuvitenganishe.

Chukua mfumo usio na betri kabisa. Paneli 3 ni 840,000, inveta ya kilowati 3 inayoweza kufanya kazi sambamba na umeme wa TANESCO na inayokubali kuongezewa betri baadae 900,000, reli, waya na ufundi 550,000. Jumla 2,290,000. Shem mchana anatumia uniti 3, ila ukiangalia vizuri kuna vitu vinaendeshwa usiku bila sababu, pampu ya maji inawashwa saa 11 alfajiri, pasi ya nguo za shule inapigwa saa 2 usiku. Ukihamisha pampu na pasi kuja mchana unafika uniti 4, na tuseme sola inabeba 3.5 kati ya hizo. Kwa mwezi uniti 105, hela 37,400, kwa mwaka 449,000. Inarudi miaka 5 na kidogo. Toa 90,000 ya kutengea inveta unabaki na 359,000, hiyo ni 15.7% kwa mwaka. Hapo ndo tunaongea lugha moja na hati fungani.

Unaona betri ilivyofanya? Tuiangalie peke yake. Betri ya milioni 3 inatoa kama uniti 4.6 kwa usiku mmoja, kwa miaka 10 ni uniti 16,800 hivi. Gawanya, kila uniti inayopita kwenye betri inalipa "kodi ya kulala" ya shilingi 179. Na uniti yenyewe kabla haijalala, ukichukua huo mfumo wa milioni 2.29 na inveta moja ya kubadilisha kwa miaka 20, inakugharimu kama 127. Jumla 306. TANESCO anakuuzia 356. Faida yako kwa uniti ya usiku ni shilingi 50, na hapo sijahesabu umeme unaopotea wakati wa kuchaji na kutoa. Ya mchana faida ni 229. Ndo hivyo tu, hamna siri nyingine.

Na hiyo ni litiamu. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma niliwahi kuuziwa betri 4 za jeli, volti 12 ampea 200 kila moja, nikaambiwa ni za bei nafuu, laki 6 moja, jumla milioni 2 na laki 4. Sikuelezwa kwamba jeli ukitaka idumu usishushe chini ya nusu. Betri ya uniti 2.4 unatumia 1.2. Tulikua tunazishusha kila usiku mpaka inveta inalia. Baada ya miaka miwili na nusu nikaenda kufungua kabati naona mbili zimevimba ubavuni kama mkate, na harufu kali, nikazima kila kitu siku hiyo hiyo. Hata kama ningezitunza vizuri, nusu nusu, zikadumu safari 1,100 za kuchaji, ni uniti 5,280 tu kwa milioni 2.4, yaani shilingi 455 kwa kila uniti. Kabla ya paneli! Betri ya bei rahisi ilikua inanipa umeme ghali kuliko luku. Ukipewa bei ya betri usiulize "ampea ngapi", uliza itatoa uniti ngapi mpaka ife, gawanya bei kwa hiyo namba, ndo utajua bei yake.

Sasa mtu ataniambia, we unahesabu kama umeme haukatiki. Kweli, na hapa ndo betri inapopata haki yake. Wote tunakumbuka mgao wa 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024, kabla mashine ya kwanza ya bwawa la Julius Nyerere haijaanza kutoa umeme Februari 2024. Siku hizi bwawa lina mashine zote 9, megawati 2,115, umeme wa kuzalisha upo, ila nguzo ikianguka au transfoma ya mtaa ikipiga shoti bado mnakaa giza. Thamani ya hilo inategemea wewe unafanya nini. Usikadirie kwa hasira, andika miezi 12 iliyopita ulipoteza nini hasa: samaki walioharibika, wateja walioondoka saluni, mafuta ya jenereta.

Jenereta ndogo ya petroli lita moja inakupa uniti 2 mpaka 2 na nusu ukiwa na bahati. Petroli ikiwa 3,000 basi uniti moja ni 1,200 mpaka 1,500. Mwenye frem anayewasha jenereta mara kwa mara, kwake betri ya litiamu inayotoa uniti kwa 306 ni ukombozi kabisa, hela inarudi haraka na masikio yanapumzika. Hali kadhalika aliyejenga sehemu ambayo nguzo haijafika na kuivuta ni mamilioni, huyo alinganishe sola na gharama ya nguzo, sio na luku. Na kwa nyumba ambayo ilikua inatumia mishumaa na kulipia kuchaji simu dukani, kale kamfumo kadogo ka kulipia kidogo kidogo kwa siku kanasaidia, ila jumlisha siku zote mpaka mwisho wa mkataba uone unalipa shilingi ngapi juu ya bei ya taslimu.

Vitu vichache ambavyo vinaharibu hesabu na huwa havisemwi. Cha kwanza, mita ya luku. Zipo mita ambazo umeme ukitoka kwako kwenda kwenye nguzo zinauhesabu kama umeutumia, yaani unazalisha na unakatwa, kwaiyo inveta lazima iwe na ile sensa ya kuzuia umeme usitoke, na kwenye makadirio yako umeme unaozidi uuandikie sifuri kama huna mkataba wa kuuuza. Cha pili, kodi ya jengo inakatwa kwenye luku na haipungui kwa sababu umefunga sola, nyumba bado ipo. Cha tatu ni bati, kama limeshaanza kuoza badilisha kwanza, maana kushusha paneli na kuzirudisha ni ufundi mara mbili. Na mnaokaa karibu na bahari, Tanga, Mtwara, Unguja, msikubali boliti za chuma cha kawaida, chumvi inazila haraka sana.

Mfumo usio na betri nao una udhaifu wake na nilimwambia shem waziwazi: TANESCO ikikatika, inveta nyingi za aina hiyo zinazima pia hata jua likiwa utosini, zimetengenezwa hivyo ili fundi aliyepanda nguzo asipigwe na umeme wa kwako. Zipo zinazoweza kuendesha kidogo moja kwa moja toka kwenye paneli, ila wingu likipita friji inazima. Kwaiyo usinunue ukidhani umeepuka giza.

Tukakaa na shem, na dada yangu akiwepo maana yeye ndo anayejua nyumba inatumia nini, tukapitia daftari. Friza lao sio la biashara. Kwa mwaka mzima walipoteza kuku watatu na usingizi wa siku kadhaa za joto. Wakaamua paneli 3 bila betri, sehemu ya betri ikaachwa wazi ukutani, na zile milioni 4 na kitu zilizobaki shem akazipeleka kwenye mfuko wa uwekezaji. Betri akiitaka ataichukua baadae kwa riba yake, bei ikiwa imeshuka vizuri zaidi.

Wazo bora kuliko yote lilitoka kwa dada. Paneli 3 zinazalisha uniti 6 kwa siku na wao wanatumia 3 na nusu, zile nyingine zinapotea bure saa 6 mchana. Akasema basi maharage yapikwe saa hizo kwa jiko la presha la umeme. Sufuria moja ya maharage inakula chini ya uniti moja, na uniti hiyo tayari ilikua inaenda kupotea, kwaiyo kinachookolewa hapo ni mtungi wa gesi, ambao hata mimi sikuwa nimeuweka kwenye hesabu yangu yote hii.

Daftari bado limefungwa pale pale kwenye nondo. Jumamosi iliyopita nilipita kuwasalimia, kijana kaandika asubuhi 44.0, jioni 43.4, na pembeni kachora sufuria.